Soma na Matunda

Mama yangu aliolewa na mwanamke. Nalisema mapema ili mwenye kutaka kuguna agune sasa, amalize, tuendelee.

Watu wa Nairobi nikiwasimulia hutazamana kwanza, halafu huanza kucheka chini chini, kila mmoja na mawazo yake. Hayo mawazo wayaweke kando. Kwetu Ukambani, pande za Mitaboni nilikozaliwa, mwanamke aliyekosa mtoto na kufiwa na mume alikuwa na njia yake, na ukoo mzima uliijua. Alitafuta mbuzi, akatafuta wazee wa kumsindikiza, akaenda kuposa msichana vile mwanamume anavyoposa. Msichana huyo aliitwa iweto. Angekuja kukaa katika boma lile, angezaa na mwanamume waliyekubaliana, na watoto wangekuwa wa nyumba iliyotoa mbuzi, wenye jina lake na shamba lake. Basi. Hakuna kitanda cha pamoja, hakuna siri. Wawili hao waliishi kama mke na mama mkwe wake, ila huyo mwana wa katikati yao hakuwahi kuzaliwa.

Aliyetoa mbuzi ndiye niliyemwita Susu, yaani nyanya. Aliolewa akiwa msichana mdogo, akakaa na mume miaka mingi bila mtoto, mume akafa, akamwachia shamba la matuta ubavuni mwa kilima na jina ambalo hakukuwa na mtu wa kuliitikia. Susu alifuma viondo. Alifuma akichunga, alifuma akitembea, alifuma akingoja zamu yake kisimani, mpaka viondo vikawa mbuzi na mbuzi wakavuka bonde kwenda kwa kina mama yangu. Mama alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipokua nikamwuliza kama alilazimishwa, alinikata jicho.

"Nilazimishwe na nani? Wanaume wawili walikuwa wameshakuja. Mmoja alikuwa mlevi, mwingine alikuwa anapiga dada zake. Huyu alikuja na katani mkononi, akaniuliza mimi mwenyewe, mbele ya baba yangu, kama niko tayari kumsaidia kujaza nyumba. Wale wengine hawakuwa wameniuliza kitu."

Tukazaliwa watatu, mimi wa kwanza na ndugu zangu wawili. Mwanamume aliyetuzaa namjua. Ni mtu wa hapo hapo, alibatizwa zamani, anakula meza ya Bwana kila mwezi, na sijasikia hata siku moja mtu akimwuliza swali. Siongezi neno juu yake.

Shuleni nilipoambiwa niandike jina la baba, niliandika la marehemu mume wa Susu. Mwalimu mmoja alipiga hesabu ya miaka akaniambia mbele ya darasa kwamba baba yangu alikufa kabla mama yangu hajazaliwa. Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia, "Ndiyo, mwalimu, alikuwa mtu wa bidii." Nilichapwa viboko kwa jibu hilo, na nikiulizwa leo nitajibu vile vile.

Sasa tuje kanisani, maana huko ndiko nilikokuwa nawapeleka.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, chini karibu na bwawa. Susu aliingia humo mama akiwa na mimba yangu, akasikia kwamba kuna Mungu aliyewapenda watu wakiwa bado wachafu, akasema huyo ndiye niliyekuwa nikimwomba bila kumjua jina. Akaomba abatizwe. Wazee wa kanisa wakamwambia vizuri sana, mama, lakini kwanza umrudishe kwao huyo mwanamke uliyemwoa. Akawauliza, "Na hiyo mimba?" Wakasema iende na mwenyewe. Yaani nilikuwa kizuizi cha ubatizo wa mtu kabla sijaona jua.

Susu alikataa. Na hapa ndipo watu hawamwelewi: alikataa, lakini hakutoka kanisani. Mwingine angesusa, angehamia kanisa lingine, yalikuwa mengi. Yeye alienda kuketi benchi la mwisho, la wasiobatizwa, pamoja na watoto wakorofi na wageni, na akalikalia miaka kumi na minane. Darasa la ubatizo alilimaliza mara tatu. Waliosoma naye mara ya kwanza walikuwa wameshakuwa wazee wa kanisa, yeye bado anaulizwa Yesu alikufa kwa ajili ya nani. "Ya watu wote," anajibu. Anaandikiwa amepita, halafu anarudi nyuma.

Alikuwa ameshona gauni jeupe la kubatiziwa. Lilikaa kwenye sanduku na majani ya mwarobaini ili wadudu wasilile. Mwili wake ulivyozidi kukonda, alilipunguza mara mbili.

Na kitambaa cha meza ya Bwana, kile cheupe cha kufuma kinachofunika mkate na vikombe, alikuwa anakifua yeye. Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi, analoweka, anasugua, anatia wanga, anaanika juu ya ua wa miiba mahali ambapo kuku hawafiki. Jumapili kinafunuliwa, watu wanakula, trei inapita mbele yake inaenda. Alitaka kitu kimoja tu duniani, na alikuwa akikisema waziwazi: ale meza ya Bwana kabla hajafa, hata mara moja.

Mimi ndiye niliyemharibia. Ngoja niseme vile ilivyokuwa.

Nilienda shule ya bweni ya wasichana, na huko nikaokoka. Si kidogo. Niliokoka kwa kiherehere. Nilibatizwa kwenye bwawa la shule kidato cha tatu, na nilipomaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani mlokole kamili, sketi mpaka kwenye vifundo vya miguu, natafuta dhambi ndani ya nyumba kama mtu anayetafuta kunguni. Chai ilikuwa inapoa nikiomba. Ndugu zangu walikuwa wakiniona wanakimbilia kwenye mahindi. Nilimkuta Susu akivuta ugoro wake nyuma ya jiko, nikasimama mbele yake na kumwuliza lile swali tulilofundishwa kuuliza watu.

"Susu, ukifa leo utaenda wapi?"

Alipiga chafya kwanza, akapangusa pua. "Nitaenda hapo chini ya mpera, karibu na mwenye shamba. Lakini mchimbe mapema, hapo ni mawe matupu."

Sikucheka. Nilimwambia utaenda jehanamu, Susu, na mimi sitaki. Nilisema hivyo kwa mtu aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati nilipougua surua, kilima chote kile, akiwa na miaka sitini na zaidi. Aliniangalia tu. Akasema, "Haya, basi nisaidie nisiende."

Mwaka huo tulikuwa tumepata mchungaji kijana, mtu mpole, aliyetoka chuo juzi juzi. Yeye na mkewe walipanda sukuma wiki nyuma ya kanisa wakawa wanawagawia majirani. Alipomkuta Susu benchi la mwisho aliuliza habari zake, na alipoelezwa alikuja nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akala muthokoi wa mama, yale mahindi ya kukobolewa, mpaka akaongezwa.

"Susu, hatufukuzi mtu," alisema. "Hayo yalikuwa ya zamani. Wewe usimame tu mbele ya washirika useme ilikuwa dhambi, halafu yaishe. Nitakubatiza mimi mwenyewe, na mwezi ujao unakula meza."

Mama alifurahi kuliko sisi sote. "Sema tu, mwaitu, mama yangu. Maneno ni upepo. Kwani mimi nitaenda wapi? Nitakuwa hapa hapa nikikupikia."

"Ni upepo, ndiyo," Susu akasema. "Lakini upepo ndio hung'oa mabati."

Akakubali lakini. Alikuwa anakohoa siku hizo, na alijua miaka yake haikuwa mingi. Akalitoa lile gauni kwenye sanduku akalianika.

Wazee wa kanisa wakasema sawa, ila toba iandikwe. Ndivyo kanisa letu lilivyofanya kwa kila aliyeanguka. Karatasi ilikuwa na mpango wake usiobadilika: jina la mtu, dhambi aliyotenda, ilianza lini, nani anajua, na mwisho matunda ya dhambi hiyo. Aliyeiba kuku, matunda ni kuku. Aliyepika pombe, matunda ni mitungi, na inavunjwa. Mchungaji aliniletea karatasi mbili na kaboni ya katikati, kwa sababu Susu hakujua kuandika na mimi nilikuwa na mwandiko ambao shuleni ulinipatia zawadi.

Nikaketi mezani nikaandika. Mimi fulani, mjane wa fulani, nakiri kwamba niliasi nikaoa mwanamke. Nikafika kwenye matunda, nikauliza nafsi yangu matunda ni nini hapa, na jibu lilikuja mara moja bila shida yoyote. Nikaandika majina yetu matatu, langu la kwanza kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba. Niliandika kwa uzuri, herufi zimelala upande mmoja. Natamani niseme mkono ulitetemeka. Haukutetemeka. Niliona fahari, haki ya Mungu, nilidhani naokoa roho ya mtu.

Jioni Susu akaniambia niwasomee yeye na mama waisikie. Nikasoma yote mpaka nilipofika kwenye matunda, nikaruka, nikamalizia na amina. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Kama hakikuwa kitu, mbona niliruka?

"Hilo neno la kuasi ni kubwa kunishinda," Susu akasema, "lakini sawa. Wewe ndiwe utanisomea. Mimi nitasema ndiyo."

Jumapili ilipofika, kanisa lilijaa. Ilikuwa Jumapili ya meza ya Bwana, na kitambaa cha Susu kilikuwa mbele kimenyooka kwa wanga. Watu walijua kuna toba, na ninyi mnajua watu na toba ya mwenzao. Hata wale ambao huja Krismasi tu walikuwepo. Susu alisimama mbele na leso yake ya siku kuu, mimi nimesimama kando yake na karatasi. Nakala ya kaboni alikuwa nayo mwenyekiti wa wazee, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa akinifuata kwa kidole, mstari kwa mstari.

Nikasoma vizuri. Sauti yangu ilikuwa ya shule. Nikafika pale, nikaruka kama nilivyoruka nyumbani, nikaanza, "Naomba kanisa linisamehe..."

Mwenyekiti akagonga meza kwa kalamu. "Umeruka hapo. Soma na matunda."

Nikajitia sikusikia.

"Binti. Soma na matunda."

Nikamtazama mchungaji. Alikuwa anatazama viatu vyake. Basi nikasoma. Matunda ya dhambi hiyo ni watoto watatu, ambao ni, nikajitaja kwa jina langu lote, mbele ya watu walioniona nikizaliwa. Nikamtaja ndugu yangu anayenifuata. Nikamtaja wa mwisho, na huyu wa mwisho, aliyekuwa na miaka minane na ameketi na watoto wenzake kando ya dirisha, aliposikia jina lake aliinua mkono akaitikia, "Niko," vile wanavyoitwa asubuhi darasani.

Wengine walicheka. Susu hakucheka. Alimgeukia mtoto, kisha akanigeukia mimi.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Majina matatu.

"Wamesema ni matunda ya nini?"

"Ya dhambi, Susu."

"Ni nani ameandika hiyo?"

"Ni mimi, Susu."

Aliniangalia. Hakuwa na hasira. Hasira ningeiweza, nilikuwa nimeizoea. Aliniangalia vile alivyoniangalia siku ile ya surua, akitafuta joto liko wapi. Halafu akachukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso anakofunga ugoro, akaligeukia kanisa. Na Susu alikuwa mwanamke mfupi, lakini siku hiyo hata walioketi nyuma kabisa walimwona.

"Mimi nina dhambi," akasema. "Nilimtukana mama mkwe wangu akaenda kaburini hatujapatana, na hiyo nailia mpaka leo. Niliwahi kuhamisha mawe ya mpaka, nikayarudisha, Mungu ananijua. Ugoro huo mnaunusa wenyewe, bado naomba nguvu." Kanisa likacheka kidogo. "Lakini hawa niliwaomba. Niliomba mpaka magoti yakaota sugu. Nilikuwa simjui Yesu, nilikuwa naomba yeyote aliye huko juu anayesikia, na yeyote aliyesikia akanipa. Sasa leo nisimame nimwambie, samahani, kile ulichonipa kilikuwa uchafu? Mkiwa mmenipa mtoto mkononi, nikawaambia ni uchafu, si nimewatukana? Na Mungu je?"

Mwenyekiti akasimama. "Mama, huu ni wakati wa toba, si wa mahubiri. Nyumba hujazwa na Mungu, haijazwi na mbuzi. Unakataa kutubu?"

"Hizo dhambi zangu zingine andikeni zote, nitazitubu hata kwa kulala chini. Hawa siwatubu. Nikisema hawa ni dhambi ndio niingie kwa Mungu, nitaingia nikiwa nimewaacha mlangoni. Thubutu!"

Mchungaji aliinua mkono kama anayetaka kusema neno, halafu akaushusha. Susu akamwambia, kwa upole kabisa, "Endelea na ibada, mwanangu. Mimi najua pa kukaa."

Akatembea katikati ya kanisa mpaka benchi lake la mwisho. Mama, aliyekuwa upande wa wanawake, aliinuka, akapita mbele ya magoti ya watu bila kuomba radhi, akaenda akaketi kando yake. Ndugu zangu nao wakaenda. Wakajaa benchi.

Na mimi? Mimi nilibaki mbele. Miguu ilikataa kwenda nyuma, ikakubali kwenda benchi la mbele, nikaketi huko peke yangu na aibu yangu. Mahubiri yaliendelea. Yalikuwa ya upendo wa Mungu, jamani, ndivyo yalivyokuwa yamepangwa. Kitambaa kikafunuliwa, trei ikapita, na kwa kuwa nilikuwa nimebatizwa na karatasi zangu zote zilikuwa safi, ikanifikia. Nikachukua. Nikala.

Tulirudi nyumbani. Susu akaingia jikoni, akapanga kuni, akafungua pindo la leso, akatoa ile karatasi, akaiwashia moto. Aliweka sufuria, maji, maziwa, majani, akatukorogea sukari nyingi kama ya mgeni. Akawamiminia wote. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango, siwezi kuingia na siwezi kuondoka.

"Wewe, njoo unywe," akaita. "Imeiva kwa mwandiko wako."

Nililia ndani ya kikombe. Ndugu zangu walidhani moshi.

Nimesikia watu wakisema wakati huponya. Labda wa kwao. Mimi kiherehere changu kiligeuka hasira, na hasira hiyo nilikuwa nayo kila Jumapili kama pochi. Nilianza kuketi benchi la mwisho na Susu. Wazee wakanikumbusha kwamba mimi ni mshirika, mahali pangu ni mbele. Nikawaambia macho yangu yanaona vizuri nikiwa mbali. Trei ilipokuja niliipisha bila kugusa. Nilipisha mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na nilikuwa najiona shujaa, mpaka siku moja Susu akanifinya paja, mfinyo wa kweli.

"Kwa nini huli?"

"Wewe huli."

"Mimi nimenyimwa. Wewe unapewa unakataa. Nilikufundisha lini kususia chakula?"

"Kama hawakupi wewe, mimi sitaki Mungu wao."

Hapo alinikasirikia. "Mungu wao? Ni lini nimewaachia? Huyo ni wangu. Hao wameshika kitasa tu." Kisha akaniegemea, maana alikuwa amechoka, akasema, "Mimi nikifika nitasema nimekuja na watu wangu. Wakiuliza karatasi nitawaambia tuliinywa. Sijaona Mungu anayemdai mtu risiti ya mtoto."

Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi alifua kitambaa. Nilimwuliza kwa nini bado anawafulia watu hawa. Akasema hafulii watu. Alipoanza kushindwa kukamua, nilikamua mimi, yeye ameketi akinielekeza kwamba wanga umezidi.

Alikufa miaka michache baadaye, baada ya mwaka elfu mbili kuingia, katika hospitali ya Machakos mjini, asubuhi, mama akimlisha uji. Hakubatizwa. Hakula meza ya Bwana hata mara moja. Natamani nilete habari nyingine lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kanisa likatuma ujumbe. Asiyebatizwa hazikwi na kanisa. Mchungaji asivae joho lake, kwaya isivae sare, na kinanda kisitoke. Mama alipoupokea ujumbe huo alisema asante, akamfungia mjumbe ndizi za kupeleka nyumbani. Kisha akaenda kwenye sanduku, akatoa gauni jeupe. Wanawake waliokuja kumvisha Susu walimwuliza kama ana hakika, maana lile ni la ubatizo. Mama akawaambia, "Ni gauni lake, alilishona mwenyewe. Mnataka avae la nani?"

Tulimchimbia chini ya mpera, na ni kweli, palikuwa na mawe matupu. Mchungaji yule alikuja tangu alfajiri na gamubuti na sururu, akachimba na vijana mpaka mikono ikatoka malengelenge. Wanawake wa kwaya walikuja wamejifunga leso. Sare waliziacha nyumbani kama walivyoagizwa, wakaimba kuliko siku zote. Mwenyekiti hakuja.

Jeneza lilipokuwa juu ya kamba, mzee wa ukoo akatazama huku na huku akauliza nani ataomba. Watu wakamtazama mchungaji. Akafungua mdomo, na nikaona kwamba angeomba, kwamba siku hiyo angevunja sheria yao, na mimi sikutaka amnyang'anye mtu zamu yake. Nikasogea mbele.

"Baba," nikasema, na sikufumba macho. "Huyu ni yule aliyekuomba sisi. Unamjua, wamekupigia kelele nyingi juu yake. Hapa kwetu mtu akitubu anasema jina la dhambi, ilianza lini, nani anajua, na matunda. Basi leo kuna toba. Ni yangu. Nilimwambia mtu aliyenipenda kabla sijazaliwa aombe msamaha kwa kunipenda. Ilianza Desemba, niliporudi kutoka shule. Wanaojua ni hawa wote, walicheka. Nikamwandikia kwa mkono wangu, nikaruka pale ambapo sikutaka asikie, na siku aliyoenda kuketi nyuma kwa ajili yangu, mimi nilibaki mbele nikala. Matunda ni meza yako aliyokufa hajaila, na sikupewa nafasi ya kuirudisha. Kama mlango wako una watu wa kuuliza maswali, waniulize mimi. Huyu mpitishe."

Sikusema amina, nilikuwa siwezi. Mchungaji ndiye aliyesema, kwa sauti kubwa, na kwaya ikaitikia baada yake.

Jeneza likashuka. Mzee wa ukoo akapangusa uso, akauliza mjane yuko wapi, atupe udongo wa kwanza. Mama akatoka katikati ya wanawake, akainama, akachota udongo kwa mikono miwili pamoja na vijiwe vyake, akautupa. Na hakuna aliyeguna.